Karatasi zote safi, breki hakuna: nilivyoshuka Bugando, na swali ninalowaletea wakuu

Jiwe la Isamilo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu. Mwenye gari, mwenye bodaboda na anayepanda haisi kila asubuhi, naomba msome hadi mwisho ndipo mchangie.

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa nashuka kutoka hospitali ya Bugando na familia, tumetoka kumwona mgonjwa. Mke wangu amekaa mbele, binti yetu wa miaka sita nyuma. Wenyeji wa Mwanza mnaujua ule mteremko, na mnajua pale chini huwa kuna watu wa aina gani: wauza matunda, bodaboda wanaosubiri abiria, wazee wanaotembea taratibu na karatasi za vipimo mkononi. Katikati ya mteremko nikakanyaga breki. Ikashika kidogo, kisha pedeli ikazama polepole hadi chini, kama mguu unaokanyaga tope. Nikapampu mara mbili, mara tatu. Hakuna kitu.

Gari ni otomatiki. Nikaivuta gia hadi L, injini ikalia kwa nguvu, nikaanza kuvuta hendibreki kidogokidogo huku nasogea kushoto kwenye mtaro. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni, ubavu ukasugua jiwe, tukasimama. Binti alipasuka mdomo. Mke wangu bega bado linamuuma. Mbele yangu, kama mita kumi hivi, alikuwepo mama anauza ndizi, amenipa mgongo, anamrudishia mteja chenji. Mama yule nimemwota mara nyingi tangu siku ile.

Trafiki alikuja. Leseni hai, bima hai, stika ya Nenda kwa Usalama ipo kwenye kioo. Taa zote zinawaka, mikanda tumefunga, triangle na mtungi wa kuzimia moto vipo kwenye buti. Akaniambia, "Mzee, karatasi zako ziko safi kabisa." Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko ajali yenyewe. Kwa kila kitu ambacho jicho la barabarani linaweza kukiona, gari lile lilikuwa zima. Fundi alipoliinua akanionyesha mpira wa breki wa gurudumu la mbele kulia: umejaa nyufa, unavuja, na mafuta ya breki ni meusi kama chai ya rangi iliyolala.

Sasa hoja yangu. Gari langu lilitoka Japani, kama mengi mnayoyaona kati ya Nyegezi na Igoma. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari binafsi jipya linakaguliwa likifika miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, chini na juu, breki zinapimwa kwa mashine. Ukishindwa huruhusiwi kuliendesha. Ukaguzi huo una gharama, na hiyo ni moja ya sababu Wajapani wengi huuza gari ambalo sisi tunaliona bado bichi. Maana yake ni kwamba gari hili liliishi maisha yake yote ya ujana likiinuliwa na kuchunguzwa. TBS, shirika letu la viwango, nao wanakagua magari yaliyotumika yanapoingizwa nchini. Halafu likapata namba ya T ya usajili wa hapa kwetu, likafika Mwanza, likaanza kuzeeka. Na hapa kwenye uzee, wakati linahitaji jicho kuliko wakati wowote, ndipo hakuna tena anayeinama kulitazama.

Kenya wao wamekataa gari la zaidi ya miaka 8. Uganda mwaka 2018 walipiga marufuku kuingiza yaliyofika miaka 15. Sisi hatukatazi, tunaongeza ushuru gari linapokuwa kuukuu. Sina ugomvi na hilo, bila magari hayo mimi ningekuwa natembea kwa miguu. Lakini kama tumeamua kupokea magari ya uzeeni, tungeamua pia nani atayapima uzeeni.

Swali langu: Serikali iweke ukaguzi wa lazima wa chini ya gari, kwa magari yote hata ya binafsi, au hili libaki kuwa jukumu la mwenye gari? Mimi naona Serikali imetuacha. Nawasilisha.

Mwana wa Kishiri

Pole sana mkuu. Mshukuruni Mungu kwa binti. Naufuatilia uzi huu.

Mlipakodi

Pole mkuu, na namwombea shemeji apone haraka. Lakini nitapingana na wewe kwa heshima zote.

Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973 na inakataza kuendesha gari bovu. Faini ya papo kwa papo ni elfu thelathini kwa kosa. Sheria haijakosekana. Unachoomba ni ofisi nyingine, foleni nyingine, stakabadhi nyingine. Mwaka 2017 tulipofutiwa ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ikahamishiwa kwenye mafuta, wengi tulishukuru kwa sababu tulikuwa tunalipia karatasi ambayo haikubadilisha chochote kwenye gari. Wewe leo unaturudisha kwenye karatasi.

Ndugu yangu anaishi Texas kule Marekani. Kuanzia Januari 2025 jimbo lile limefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi, yamebaki ya biashara. Walijadiliana bungeni mwao, wakaona mwenye gari ni mtu mzima. Na sisi ni watu wazima. Mtu anayejua kuhesabu faida ya shamba la mpunga Magu hashindwi kujua mafuta ya breki yamekuwa meusi. Kanuni haiwezi kukupenda kuliko unavyojipenda mwenyewe.

Spana 14

Mleta uzi, mimi ni fundi, nina miaka kumi na tisa chini ya magari hapa Mabatini. Pole sana. Naomba nikuulize kitu kabla sijachangia, na usinielewe vibaya.

Gari la kisasa lina njia mbili za breki. Mara nyingi zimepangwa mshazari: mbele kulia na nyuma kushoto ni njia moja, mbele kushoto na nyuma kulia ni njia nyingine. Zilitengenezwa hivyo makusudi ili mpira mmoja ukipasuka ubaki na nusu ya breki. Pedeli itashuka, utapata hofu, gari litasimama mbali zaidi, lakini litasimama. Wewe unasema hukupata kitu. Kwa hiyo mpira wa mbele kulia peke yake hautoshi kueleza kilichotokea. Njia ya pili ilikuwaje?

Jiwe la Isamilo

Spana 14, umenibana mahali ambapo nilitaka kupita haraka. Nitasema.

Miezi minane iliyopita gurudumu la nyuma kulia lilikuwa linavujisha mafuta ya breki. Fundi mmoja, simtaji wala gereji yake, akaniambia kifaa kinachohitajika hakipo kwa siku ile, akaniomba ruhusa ya kuuziba mrija wa gurudumu lile ili niendelee kutumia gari kwa muda. Nikamruhusu. Akaniambia kabisa, "Mzee, hii ni ya siku mbili tatu, ukipata spea rudi." Sikurudi. Gari lilisimama vizuri kwenye tambarare, nikasahau. Mke wangu sikumwambia.

Kwa hiyo ndiyo, nimeandika hapo juu kwamba Serikali imetuacha, na ni kweli hakuna aliyekuja kuinama. Lakini kuna mtu aliinama, akaniambia, nami nikaondoka.

Spana 14

Asante kwa kusema ukweli, si kila mtu angesema hadharani.

Basi hesabu imekamilika. Nyuma kulia pamezibwa. Mbele kulia panavuja, na nyuma kushoto panategemea njia hiyohiyo inayovuja. Ulibaki na gurudumu moja tu la mbele kushoto linalobeba kazi ya manne, kwenye mteremko wa Bugando, gari lina watu watatu. Breki yake ikapata joto kali. Na mafuta ya breki ni ya miaka mingi. Watu wengi hawajui kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Mguu wako ulikuwa unabonyeza mvuke. Ndiyo maana ilishika kidogo kwanza, kisha ikazama.

Ningekuwa na uwezo ningekataza kuziba mrija nchi nzima. Mimi mwenyewe niliifanya kazi hiyo nilipokuwa kijana, na niliacha baada ya haisi moja kurudi kwangu imeng'oka kioo na konda kavunjika mkono. Tangu hapo mteja akiniomba niuzibe, namwambia gari lilale hapa. Wengine wanaondoka wananitukana na kwenda gereji ya jirani, na jirani anaziba. Hapo ndipo nasema na wewe Mlipakodi: fundi mwenye dhamira anapoteza mteja, fundi asiyejali anapata. Hakuna kanuni inayonisimamia mimi wala yule. Spana yoyote inaweza kuitwa gereji. Mkitaka kanuni, anzieni kwetu mafundi.

Deiwaka Igoma

Wakuu naomba na mimi niseme, maana mnaongelea gari la mtu binafsi ambaye anaweza kuamua lilale. Mimi nabeba watu.

Ni deiwaka, dereva wa kibarua cha siku kwenye haisi. Hesabu ninayompelekea tajiri mwenye gari ni elfu sabini kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta juu yangu. Nikipeleka gari gereji saa nne asubuhi, hesabu haipungui. Nikimwambia tajiri breki zinalia, anajibu "si ulinipigia wiki iliyopita kuhusu tairi?" Nikimgomea, kesho asubuhi pale Igoma kuna vijana kumi wanaosubiri funguo ileile. Yule kijana atakayeichukua hajui hata kwamba breki zinalia.

Kabla ya hapa nilikuwa dereva wa pili kwenye basi la Mwanza kwenda Dar. Kule kuna kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, cha kufuatilia mwendo, ukizidi 80 kinapiga kelele na wao wanaona. Kilitusaidia sana, siwezi kudanganya, madereva walipunguza. Lakini kifaa kile kinaona mwendo tu. Hakioni lining ya breki iliyobaki nyembamba kama karatasi. Basi linaweza kwenda 79 muda wote, likanyooka kabisa kwenye mtambo wao, na breki hazipo.

Mnaposema uwajibikaji wa mtu binafsi mnanitazama mimi kwa sababu mimi ndiye nimeshika usukani. Ajali ikitokea mimi ndiye nitakayelala mahabusu. Tajiri atakuja na karatasi za bima. Sheria ikimgusa anayepokea hesabu, gari litalala gereji lenyewe bila mtu kulisukuma.

Mama Furu

Nimesoma yote kwa makini. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Sina gari. Kila siku napanda haisi, na mara mbili kwa wiki napanda Fuso la mizigo kwenda Shinyanga, nakaa mbele na dereva kwa sababu siamini kuuacha mzigo wangu.

Baba zangu, mnabishana Serikali au mwenye gari. Mimi nipo wapi hapo? Sina spana. Nikipanda haisi pale Buzuruga siwezi kumwambia dereva shuka nikague mpira wa breki. Mlipakodi anasema sisi ni watu wazima na kila mtu ajipende. Mimi najipenda sana, lakini kujipenda kwangu hakufiki chini ya gari la mtu mwingine. Kadhalika yule mama wa ndizi. Hakuchagua gari la mleta uzi. Hakuwa hata ndani yake.

Tarehe 6 Mei 2017 kule Karatu basi la shule lilitumbukia korongoni, wakafa watoto 32, walimu 2 na dereva. Nakumbuka nilikuwa na mtoto wa darasa la saba mwaka ule, darasa lilelile la watoto wale. Sijui sababu zote za ajali ile na sitajifanya najua. Ninachokijua ni kwamba hakuna mtoto hata mmoja kati yao aliyekuwa na jukumu la kukagua lile gari. Walipanda kwa sababu watu wazima waliwaambia pandeni. Ndiyo maana kukawa na Serikali, ili asiye na spana awe na mtu wa kumsemea.

Mleta uzi, namshukuru Mungu kwa binti yako. Lakini ulipaswa kurudi kwa yule fundi, mwanangu. Siku mbili tatu zile.

Kasia

Mama Furu umeongea. Wabheja sana mayu (asante sana mama).

Mimi ni mtu wa majini, nyumbani Ukerewe. Naomba niwakumbushe watu wa barabarani kwamba sisi wa ziwani tumeshalijibu swali hili kwa makaburi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, meli ya abiria 430, ilizama karibu kabisa kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Makaburi yako pale Igoma, Deiwaka unayapita kila siku. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikiwa imebakiza mita chache kufika gati la Ukara. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Nilipoteza shangazi.

Namba 101 ilikuwepo. Iliandikwa. Kivuko kilikuwa mali ya Serikali, kwa hiyo hapa huwezi kusema tajiri alikuwa na tamaa ya hesabu. Na siku ile ilikuwa ya gulio, kila mtu anataka kuwahi, abiria wenyewe wanasukumana kuingia. Kanuni ilikuwepo na jukumu la mtu lilikuwepo, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayehesabu vichwa. Mwenye tiketi alidhani nahodha anahesabu, nahodha alidhani mkata tiketi anahesabu.

Hivyo mimi sitaki kuchagua upande. Nataka kujua jina la anayehesabu. Kwenye gari lako mleta uzi, anayehesabu ni nani? Kwenye haisi ya Deiwaka ni nani? Mahali ambapo huwezi kutaja mtu mmoja, hapo ndipo watu watakufa.

Mlipakodi

Kasia na Mama Furu, nimewasoma mara mbili.

Nakubali jambo moja: hoja yangu ya mtu mzima inafanya kazi kwa anayeendesha peke yake kwenye barabara tupu, na Mwanza hakuna barabara tupu. Na ndugu yangu nimempigia, amenithibitishia kwamba hata kule Texas magari ya biashara bado yanakaguliwa. Kwa hiyo haisi na Fuso nazitoa kwenye ubishi wangu. Zikaguliwe, na tajiri awe wa kwanza kuulizwa.

Kwa gari binafsi bado sitaki ofisi mpya. Nina pendekezo. Kila mwaka kila mwenye gari anakata bima, angalau ile ya mtu wa tatu, shilingi 118,000 kwa gari dogo, na hakuna anayeikwepa kwa urahisi kwa sababu trafiki anaihakiki kwenye simu papo hapo. Siku ile ya kukata bima, mwenye gari alete fomu ya gereji iliyosajiliwa, yenye jina na saini ya fundi aliyeinama: breki, stelingi, tairi, basi. Fundi akisaini uongo na gari likafeli, atafutwe kwa saini yake. Hapo Kasia umepata jina la anayehesabu, na Spana 14 umepata kanuni inayomtenga fundi mzuri na fundi wa kuziba mirija. Wala hatujajenga jengo jingine.

Deiwaka Igoma

Hiyo naiunga mkono, ila fomu ya mwaka kwa haisi haitoshi. Haisi kwa mwaka inachakaa kama gari la nyumbani kwa miaka mitano. Iwe kila miezi mitatu. Na siku ya gereji ihesabiwe haina hesabu, iandikwe kwenye mkataba wa dereva.

Mwana wa Kishiri

Na bodaboda je? Mbona mmeziruka. Pikipiki nyingi za Kishiri hazina breki ya mbele kabisa, vijana wanaifungua wakiamini inapindua pikipiki.

Spana 14

Mwana wa Kishiri, hilo ni kosa kubwa sana. Ukifunga breki uzito unaenda mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Anayeifungua ameacha mkono wa kulia nyumbani. Inapindua pale inapobanwa ghafla kwenye mchanga au kona, na dawa yake ni kumfundisha kijana namna ya kuibana.

Sasa niwape wakuu vitu vya kufanya kesho asubuhi, bila kusubiri bunge.

Tazama kichupa cha mafuta ya breki chini ya boneti. Kina alama mbili. Mafuta yakiwa yanashuka wakati huoni pa kuvuja, ama pedi zimeisha ama kuna mahali panatoa na hujapaona. Usijaze tu ukaondoka. Na yabadilishwe kila miaka miwili, mimi nilishawabadilishia watu kwa elfu ishirini na tano pamoja na ufundi.

Tairi: ubavuni kuna neno DOT na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 2316, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za mtumba zinazouzwa hapa mjini zinaweza kuwa na kashata (michoro ya raba inayogusa barabara) nzuri kabisa na umri wa miaka kumi na miwili. Raba imekauka, siku ya jua kali barabara ya Shinyanga inafumuka. Kashata yenyewe ina vinundu vidogo kwenye mifereji. Kashata ikilingana na vinundu hivyo, imebaki milimita 1.6, tairi imeisha.

Mpira wa breki: geuza usukani hadi mwisho, chuchumaa, mulika kwa simu nyuma ya gurudumu. Ukiona nyufa kama za kisigino kikavu, njoo gereji siku hiyohiyo. Kazi ya dakika mbili.

Na jambo moja ambalo sijawahi kuona trafiki wala mteja akiliuliza. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Ile kemikali ya kujaza mfuko inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watengenezaji waliita magari hayo yarudi, makumi ya mamilioni duniani kote, na Takata yenyewe ikafilisika 2017. Kule Japani mwenye gari alipata barua. Gari likishauzwa na kuja Mwanza, barua haimfuati. Na sisi ndio tuna joto na unyevu wa ziwa. Chukua namba ya chesesi, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako kule Japani, ingiza namba, itakuambia kama gari lako liliitwa na halikwenda. Nimewafanyia wateja wanne, mmoja lake lilikuwemo.

Mteremko: shuka na gia ndogo tangu juu, usisubiri katikati. Mleta uzi gia L ndiyo iliyowaokoa.

Mama Furu

Spana 14, hiyo ya DOT nimekwenda kuitazama leo kwenye Fuso tulilopakia. Tairi mbili za nyuma zimeandikwa 0911. Nimemwambia dereva. Amenyamaza, kisha akapiga picha akamtumia tajiri. Mzigo wangu nimeushusha, nimeupakia kwenye gari jingine, nimepoteza nusu siku na dagaa wa kuanika wengine wameloa. Siwalaumu. Nasema tu ni gharama, na sisi tusio na magari tunaweza pia kuilipa kidogo.

Jiwe la Isamilo

Wakuu, narudi na mrejesho, na kabla ya mrejesho nasahihisha maneno yangu ya mwanzo. Niliandika Serikali imetuacha. Bado naamini gari lolote linalobeba watu linastahili kuinuliwa na kupimwa na mtu asiye na faida nalo, na pendekezo la Mlipakodi la fomu kwenye bima ndilo ninalolipigia kura, kwa masharti ya Deiwaka kwa haisi. Lakini nilitaka Serikali inifanyie jambo ambalo nilikwisha kuambiwa na fundi na nikaliacha kwa miezi minane kwa ajili ya kifaa cha elfu thelathini na tano. Mkaguzi angekuja angekuta kile ambacho tayari nilikuwa nakijua. Kwa hiyo Kasia, swali lako la anayehesabu nimelijibu kwa gari langu. Ni mimi. Nimelibandika kwenye daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichotazamwa, aliyetazama. Mke wangu naye anasaini, kwa sababu yeye na mtoto ndio waliokuwa ndani.

Nimekwenda pale Bugando kumtafuta mama wa ndizi. Nimemkuta. Nikamweleza kwamba mimi ndiye wa siku ile. Hakuwa anajua ilikuwa karibu kiasi gani, alidhani gari liliharibika tu mtaroni. Nilipomwonyesha kwa hatua, kutoka lilipoishia tairi hadi kwenye meza yake, alikaa chini kwenye ndoo kwa muda, hakusema neno. Nilikaa naye. Kisha akahamisha meza upande wa pili, nyuma ya nguzo ya umeme, nami nikamsaidia kubeba.

Gari liko kwa Spana 14. Mipira yote minne ya breki ni mipya, mrija wa nyuma umefunguliwa na kifaa chake kimewekwa, mafuta yamebadilishwa mfumo mzima. Tulipofika kwenye stelingi tukakuta tairodi ya kushoto, fimbo inayogeuza gurudumu, inacheza. Duka la kwanza hawana, la pili wana ya gari lingine, inaagizwa kutoka Dar. Spana 14 ameniuliza kama nataka nilichukue gari hivyohivyo niendeshe polepole hadi ifike. Alikuwa ananipima, nilimwona usoni.

Gari linalala gereji. Binti anakwenda shule kwa miguu na mama yake.